Mawe ya Nguzo ya Tatu

Lori lililotoka Kaniama alfajiri lilifika kwenye mto Kafwila jua likiwa utosini, na hapo likazuiwa. Mti mbichi ulikuwa umelazwa katikati ya barabara, majani yake bado hayajanyauka. Dereva alipiga honi mara tatu, akaona hakuna anayemjali, akazima injini. Abiria walishuka mmoja mmoja, wakajinyoosha migongo iliyochorwa na magunia ya mahindi, wakatazama huku na huko kama watu wanavyotazama mahali ambapo hawakupanga kushuka. Kulikuwa na barabara ya udongo mwekundu, daraja la chuma lenye sakafu ya mbao juu ya nguzo nne za saruji, na mto wa kiangazi uliopita kwa uvivu kati ya nguzo mbili tu, ukiacha mchanga mweupe kila upande. Ng'ambo, upande wa chini wa mto, kulikuwa na nyumba za udongo kama ishirini. Baada ya hapo nyasi, nyasi tupu, hadi Kamina, mwendo wa kilomita thelathini.

Chini ya daraja palikuwa na watu. Mzungu wa kaptura ndefu, karani aliyevaa tai katika joto lile, kapita, yaani msimamizi, wa daraja na wafanyakazi wake wenye sepeto. Mbele yao wote alisimama mwanamke mfupi wa makamo, maji yakimfika magotini, mikono kiunoni. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akizungumza.

"Minyi siweke kidole changu," alikuwa akisema, kwa Kiswahili cha huko ambamo "mimi" ni "minyi" na "ndio" ni "njo". "Weka chako. Uko na vidole kumi, sawa na minyi."

Jina lake lilikuwa Ndaya. Ilikuwa Julai ya mwaka 1953, na karatasi aliyoikataa ilisema kwamba wanawake wa Kafwila waliiba mawe yaliyowekwa kulinda nguzo ya tatu ya daraja, malori mawili mazima, na kwamba kwa sababu hiyo kijiji chao kitaondolewa kando ya mto na kupelekwa kilomita kumi na nane barabarani, mahali ambapo hata mbuzi hufika na kurudi kwa kukosa maji. Kidole cha Ndaya kilitakiwa kwa kuwa yeye ndiye aliyewasimamia wanawake mtoni. Kidole kikigusa wino, kijiji kimekwenda.

Mtu wa nchi ya milima hawezi kuelewa kesi hiyo bila kuelezwa. Nchi ya Kafwila ni mchanga. Unaweza kutembea siku nzima usijikwae hata mara moja. Na mihogo ya huko ni michungu; lazima imenywe, ilazwe mtoni siku tatu au nne mpaka ilainike na sumu itoke, ndipo ianikwe na kutwangwa unga wa bukari, ugali wa huko. Lakini mihogo ndani ya maji huelea. Lazima ikandamizwe, na cha kuikandamiza ni jiwe. Basi kwa watu wasio na mawe, jiwe la kulowekea mihogo ni mali. Lina mwenyewe. Mwanamke akifa, jiwe lake huenda kwa binti, au kwa mke mwenzake kama walipatana. Ndaya alikuwa na mawe mawili aliyoyapata kwa mama yake, ambaye aliyaleta kwa miguu kutoka upande wa Kabondo-Dianda alipoolewa, moja kichwani na moja ndani ya kikapu cha vyungu. Kwa wanawake hao, kumwambia mtu ameiba jiwe ni tusi linalouma kuliko kumwambia ameiba mume. Mume anaweza kwenda mwenyewe.

Mzungu yule walimwita Bwana Kamba, maana hakuonekana bila kamba yake ya kupimia. Hakuwa mtu wa kupiga watu. Alikuwa mtu wa kupima, na alichokipima alikiamini. Alikuwa amerudi Kafwila asubuhi ile na mambo mawili kichwani: magari ya saruji yaliyongojewa kupita kwenda kwenye Base, uwanja wa ndege za kijeshi huko Kamina, ambako wajenzi walikuwa hawajamaliza kazi, na rundo la mawe ya buluu aliyoyaweka mwenyewe miaka miwili nyuma kuzunguka mguu wa nguzo ya tatu, ambalo wiki iliyotangulia alikuta halipo. Mahali pa mawe palikuwa na mchanga, laini, safi, kama uliofagiliwa. Halafu wafanyakazi walipita kwenye mashimo ya mihogo, wakakuta mawe ya buluu. Kumi na moja.

"Tazama, mama," Bwana Kamba alisema, akijitahidi kwa Kiswahili chake. Alionyesha mstari wa rangi nyekundu kwenye nguzo. "Mbele ya mvua, mchanga ilikuwa hapa. Mvua nakwisha. Leo mchanga iko hapa. Sawasawa! Mto hapana chimba. Kama mto hapana chimba, majiwe nakwenda wapi? Iko na miguu?"

Wafanyakazi wakacheka, kwa kuwa ni mkubwa aliyetania. Juu ya barabara abiria nao wakacheka.

Ndaya hakucheka.

"Sasa, Bwana, minyi nakuuliza," alisema. "Majiwe ya makamyo mawili. Sisi bamama iko makumi mbili. Tuliyapeleka wapi? Tuliyala?"

"Kumi na moja iko kwenu."

"Kumi na moja, eyo. Sikatae. Na yule aliyetupa iko hapa, anavaa kofia."

Aliyevaa kofia alikuwa Gaston, kapita wa daraja, mtu mzima mwenye watoto saba. Miaka miwili nyuma, mawe yalipomwagwa kutoka kwenye lori, kumi na moja yalibingirika yakaziba njia ya wanawake. Gaston, badala ya kuinama, aliwaambia, "Kamateni, bamama, ni yenu," na jioni hiyo alipelekewa bakuli la unga. Sasa Gaston aliivua kofia yake, akaitazama ndani kama aliyeweka kitu humo, akaivaa tena.

Ndaya alimngoja kidogo. Alipoona kwamba hatapata kitu, akampa mgongo.

Hakumhitaji Gaston ili ajue alichokijua. Mumewe, Kisimba, alikuwa mmoja wa wanaume waliokamatwa mwaka 1936 kuja kuchimba misingi ya daraja hilo. Alikuwa akirudi nyumbani matope yamemkauka hadi kwenye nyusi, na Ndaya akimmwagia maji, yeye alimsimulia kazi. Nguzo ya kwanza wamefika kwenye mwamba. Ya pili wamefika. Ya nne wamefika. Ya tatu wamechimba mita tatu na nusu, mchanga ukizidi kumwagika shimoni, maji yakizidi pampu, mpaka mvua za Oktoba zikaanza na mkubwa wa wakati ule akasema inatosha. "Tumeisimamisha juu ya uji," Kisimba alisema. Kisimba alikufa kwa kifua miaka sita baadaye, na wakubwa walibadilishwa mara nne tangu hapo. Maneno yake yalibaki na mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwahi kuulizwa.

Tena, Februari iliyopita alikuwa ameona. Mto ulipanda mchana kweupe, mwekundu kama supu ya mawese, ukabeba miti na mizizi yake. Wanawake walikimbilia kuokoa mihogo. Ndaya alisimama kwenye kichuguu, akaona jinsi maji yalivyogonga nguzo ya tatu, yakashindwa kupita, yakapiga mbizi. Yalizunguka mguuni pake kama mwiko unaosonga bukari. Na ndani ya mlio wa mto akasikia mlio mwingine, wa mawe kusagana, yakishuka. Mto ulipopungua, ulilaza mchanga juu ya kila kitu. Alipokwenda kutafuta mahali pa shimo jipya karibu na nguzo, mguu wake ulizama hadi gotini. Akautoa, akaondoka. Mchanga ule aliufahamu.

"Bwana," alisema sasa, "mto ulichimba. Ulichimba, ulikula, halafu ulifunika chungu. Weye ulikuja kisha chakula kwisha."

Bwana Kamba alimgeukia karani. "Nasema nini?"

Karani aliitwa Malachie. Alikuwa Mmetodisti wa Kamina mjini, aliyesoma misheni, na shati lake lilikuwa na kola iliyopigwa pasi mara mbili. Alitafsiri kwa Kifaransa kirefu, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, "Mama, weka kidole tu. Mukubwa huyu si mubaya. Mutahamia, mutajenga tena. Ukikataa watakufunga mu kasho."

"Tata Malachie," Ndaya alimjibu bila kupunguza sauti hata kidogo, "ninyi Bametodisti hamunywi pombe, hamuvute tumbako, hamucheze ngoma. Mulibaki na woga peke yake njo mufurahi nao?"

Abiria juu walipiga vigelegele. Malachie aliona haya, akajishughulisha na tai yake.

"Minyi naomba mti," Ndaya alisema. "Ule murefu wa mutego wa samaki. Kisha hapo mutanifunga."

Hakuna aliyemkatalia, kwa sababu hakuna aliyejua anakusudia nini. Alikwenda mwenyewe kwenye uzio wa kutegea samaki upande wa chini, akang'oa mti mwembamba, mnyofu, mrefu kuliko watu watatu waliopandiana mabegani. Wanawake wa Kafwila hawakuchimba shimo la mihogo bila kuuchoma mchanga kwanza. Mchanga mzee hukataa mti. Mchanga mpya huukaribisha, na shimo lililochimbwa humo huanguka usiku wa kwanza na kumeza jiwe, kikapu na mihogo. Kila mmoja wao aliwahi kupoteza jiwe hivyo mara moja katika ujana wake, akalia, akajifunza.

Ndaya alihesabu hatua kumi kutoka kwenye nguzo, akausimamisha mti, akasukuma. Uliingia kiasi cha kiuno chake, ukakwama. Alining'inia juu yake kwa uzito wake wote. Hakuna. "Njoo weye mwenye nguvu," alimwambia mfanyakazi mmoja. Naye akaning'inia, akapanda mabegani mwa mwenzake, akagonga kwa nyundo ya mbao, mti ukapasuka kichwani lakini haukushuka.

"Huu mchanga mzee," Ndaya alisema. "Huu ulikuwa hapa mbele ya mvua."

Aliung'oa, akaubeba hadi kwenye nguzo ya tatu, akauchomeka upande wa juu, pale maji yanapoigonga kwanza. Alisukuma kwa mikono miwili tu. Mti ukaingia kama kisu kwenye papai. Ukapita kiuno, kifua, kichwa. Akashika juu zaidi, akasukuma tena. Ulipobaki urefu wa mkono tu juu ya mchanga, uligonga kitu, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani, kavu na ngumu.

"Moja ya majiwe yako, Bwana. Kama unasema tuliiba, basi tuliiba tukazika chini ya nguzo yako, sisi bamama, na vijiko."

Safari hii hakuna aliyecheka, kwa kuwa Bwana Kamba alikuwa amevua viatu. Aliingia majini, akashika mti kwa kidole pale ulipokutana na mchanga, akaamuru ung'olewe, akaupima kwa kamba yake. Mita nne na kidogo. Alifungua mchoro wake, akauangalia, akaupima mti mara ya pili kama anayetumaini kwamba umefupika. Mchoro ulisema mguu wa nguzo ya tatu uko mita tatu na nusu.

Hata dereva wa lori aliielewa hesabu hiyo. Jiwe lililokuwa juu ya mchanga lilikuwa sasa chini kuliko nguzo lililowekwa kuilinda. Haliwezi kufika huko ila mto uwe umechimba hadi huko, na mto uliochimba hadi huko haukuacha kitu cha kusimamisha nguzo. Ila labda upande wa pili wa mguu, na mazoea.

"Leta nondo," Bwana Kamba alisema.

Waliileta nondo ndefu ya chuma. Aliishika mwenyewe, akailaza mshazari, akaielekeza chini ya nguzo, akasukuma. Ilikwenda. Haikugusa saruji. Gaston alimsaidia, wakaisukuma hadi ikabaki ncha, na bado haikugusa kitu. Bwana Kamba alibaki ameinama, mkono mmoja juu ya saruji ile baridi kama anayempima mtu homa. Kisha akainua macho kuitazama sakafu ya daraja juu ya kichwa chake, akatoka chini yake haraka kidogo kuliko mtu asiyeogopa.

"Nani nafundisha weye?" alimwuliza Ndaya.

"Mihogo," alisema Ndaya. "Na bwana yangu Kisimba, alichimba shimo hili. Alisema ni uji. Hamukuuliza."

Mambo yangeweza kuishia hapo, na kwa Bwana Kamba yalikuwa yameishia. Alikuwa ameanza kutoa amri: mti aliokuwa ameulaza barabarani ili apime ubaki, hakuna gari kupita, atumwe mtu wa baiskeli Kamina ili magari ya saruji yazungushwe, na kabla ya Oktoba nguzo itolewe kazini. Alikuwa anapanda ukingo. Ndipo Malachie alipomkimbilia kumwuliza kuhusu karatasi. Bwana Kamba alisimama. Akafikiri. Karatasi, alisema, ibaki. Ila futa "malori mawili", andika "mawe kumi na moja". Kuiba ni kuiba, na ripoti ya kwanza tayari ilikuwa imekwenda kwa mkubwa wa wilaya.

Malachie alirudi na kalamu na kibati cha wino. "Sasa ni jambo dogo, mama. Kumi na moja tu."

"Na kijiji?"

Malachie alisoma karatasi tena, polepole, ingawa aliijua. "Kijiji kinahama," alisema.

Ndaya alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni, moto kabisa. Alichukua kile kibati cha wino mkononi mwa karani, akakifunga kifuniko, akamrudishia.

"Sikuiba kumi na moja. Sikuiba moja. Nilipewa. Gaston!"

Kapita aligeuka.

"Gaston, unga wangu ulikula. Ulikuwa muzuri?"

Gaston alimtazama Bwana Kamba, akatazama nguzo, akawatazama wafanyakazi wake waliokuwa wote wakimtazama. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Watoto saba ni watoto saba. Lakini pia alikuwa ameisukuma ile nondo kwa mikono yake, na alijua ni nani angekuwa juu ya daraja na bendera nyekundu siku ya kwanza ya magari ya saruji.

"Ulikuwa muzuri, mama," alisema. Akavua kofia, safari hii kweli. "Bwana, minyi njo niliwapa. Majiwe yalianguka mu njia, nikawaambia bakamate. Hawakuiba kitu."

Bwana Kamba alifumba macho kidogo. Alisema kwamba mambo ya kuhamisha kijiji si yake, ni ya mkubwa wa wilaya huko Kamina. Yeye anaweza tu kuandika kwamba sababu haipo tena. Ataandika akirudi.

"Andika sasa," Ndaya alisema. "Miguu yako ikingali na maji. Ikikauka utasahau."

Malachie aliyatafsiri maneno hayo yote, hakupunguza hata moja, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Bwana Kamba alikaa juu ya jiwe la buluu, moja ya yale kumi na moja, akaweka karatasi juu ya paja, akaandika kwa mkono. Aliandika muda mrefu. Alipomaliza, Ndaya alimwambia Malachie asome kwa Kiswahili, kisha asome kwa Kiluba, na alisikiliza mara zote mbili akitazama midomo yake, si karatasi.

"Umesoma vile iko? Hauongeze?"

"Mama, kwa Mungu wa baba yangu. Inasema mto ndio uliochukua mawe. Inasema bamama wa Kafwila hawana kosa. Inasema njo weye uliyeonyesha."

"Jina langu iko?"

"Iko. Ndaya, mjane wa Kisimba."

"Basi hii njo nitaiwekea kidole."

Aliweka, akasukuma kwa nguvu kama alivyousukuma ule mti, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Malachie akanyoosha mkono kuichukua aiweke pamoja na nyingine kwenye mkoba wa ofisi. Ndaya aliikunja mara nne, akaiingiza ndani ya kanga, kifuani.

"Mama, barua inapita ofisini."

"Ile ya kwanza ilipita ofisini. Hii inapita na minyi."

Wanawake walikuwa wamekuja kutoka kijijini, wengine na unga bado mikononi. Mmoja alisema jua limekwenda, angoje kesho. Mwingine alisema Kamina askari wa mlangoni hawaruhusu watu wa vijijini kuingia kwa mkubwa. Ndaya aliomba kibuyu cha maji na kipande cha mihogo, akafunga kitambaa chake upya kichwani, akapanda ukingo. Abiria walimpisha. Dereva, aliyekuwa amekaa juu ya bampa akila karanga, alimwambia kwamba kama daraja lingefunguliwa angempeleka bure, mbele kabisa, kwenye kiti.

"Daraja lenu halina mguu," Ndaya alisema. "Minyi niko na miwili."

Bwana Kamba alimpigia kelele apite majini, asipande juu. Lakini mtu mmoja mwenye kibuyu si gari la saruji, na alikuwa ameshafika nguzo ya pili. Alipita katikati ya sakafu, si pembeni, akikanyaga mbao zilizolia, juu ya nguzo ile ya tatu bila kuongeza mwendo wala kupunguza. Ng'ambo akaishika barabara ya Kamina. Abiria walibaki ukingoni na magunia yao na lori lao lisilo na pa kwenda, wakamtazama akipungua juu ya ule udongo mwekundu. Mtu wa baiskeli aliyetumwa Kamina kwa ajili ya magari ya saruji alimfikia, akapunguza mwendo, akaonekana akimwonyesha kiti cha nyuma. Walizungumza kidogo. Kisha baiskeli ikaenda mbele peke yake, na Ndaya akaendelea kutembea.